Fundi: Mimi

Jumapili ya tarehe 1 Desemba 1963, kwenye uwanja wa vumbi wa Speedway Park mjini Jacksonville, Florida, gari namba 34 lilikamilisha mzunguko wake wa 200, ambao ndio uliokuwa wa mwisho, na hakuna aliyelipungia bendera. Likaendelea kuzunguka. Bendera ya drafti ilikuja kupungwa kwa gari jingine, la Buck Baker, bingwa wa mwaka 1956 na 1957, aliyekuwa nyuma kwa mizunguko miwili. Baker akapokea kombe, akaondoka nalo. Saa mbili baadaye, watazamaji wakiwa wameshatawanyika, waandaaji wakakubali kwamba hesabu ilikosewa na kwamba mshindi alikuwa Wendell Scott, Mmarekani mweusi wa Danville, Virginia. Wakampa dola zake 1,000. Kombe halikuwapo tena.

Habari hii husimuliwa sana, na karibu kila msimulizi hulikimbilia hilo kombe. Simlaumu. Ilikuwa Florida ya ubaguzi, siku tisa tu baada ya Rais Kennedy kupigwa risasi, na Scott aliamini kwamba hesabu ile haikukosewa kwa bahati mbaya: waliokuwa na mamlaka hawakutaka aonekane jukwaani, mtu mweusi, akipongezwa kwa busu na mrembo wa Kizungu. Sina sababu ya kumbishia. Lakini kombe limelifunika gari. Kila nikisoma habari za siku ile najikuta nikiuliza jambo jingine kabisa: mtu asiye na kiwanda nyuma yake, mwenye gari alilolinunua likiwa limeshatumiwa na mwenzake, ambaye fundi wake mkuu ni yeye mwenyewe, alifanyaje hata akawaacha wenye fedha mizunguko miwili?

Tuanze na springi.

Mashindano haya ya Kusini mwa Marekani yalijengwa juu ya wazo rahisi, kwamba gari liwe lile lile ambalo mtu yeyote anaweza kulinunua dukani. Chama cha NASCAR, cha Bill France wa Daytona Beach, kiliendesha mbio zake za kwanza za daraja la magari ya namna hiyo huko Charlotte, North Carolina, tarehe 19 Juni 1949. Glenn Dunaway, na Ford ya mwaka 1947, alimaliza wa kwanza akiwa amewaacha wenzake mizunguko mitatu. Wakaguzi wakaingia chini ya gari, wakakuta springi za nyuma zimefanyiwa kazi kinyume cha kanuni, wakamvua ushindi na kumpa Jim Roper, aliyekuwa na Lincoln. Springi zile hazikutengenezwa kwa ajili ya mashindano. Lilikuwa gari la kazi, na kazi yake ilikuwa kubeba gongo.

Wasafirishaji wa wiski haramu katika milima ya Virginia, Carolina na Georgia walikuwa na tatizo la kifundi lililo wazi. Gari la kawaida likipakiwa madumu mpaka siti ya nyuma hukaa chini kwa nyuma, pua ikatazama juu, na polisi yeyote mwenye macho hulijua kwa mbali. Dawa yake ni kuziongezea nguvu springi za nyuma, ili gari lililojaa likae sawasawa kama gari tupu. Likishushwa mzigo ndipo makalio yanapoinuka hewani, lakini hapo biashara imeshakwisha. Fundi aliyefanya hivyo aligundua na faida ya pili: gari haliyumbi ovyo likikata kona kwa kasi barabara ya udongo usiku wa manane. Hao ndio waliokuja kujaza viwanja vya mwanzo vya mashindano. Walikuwa wameshafanya mtihani, na msimamizi wa mtihani alikuwa na king'ora.

Wendell Oliver Scott alikuwa mmoja wao. Alizaliwa Danville tarehe 29 Agosti 1921. Baba yake alikuwa dereva na fundi wa familia mbili tajiri za Wazungu, kwa hiyo mtoto alikua boneti ikiwa wazi mbele yake. Aliendesha teksi, akaoa, akapelekwa Ulaya wakati wa Vita Kuu ya Pili katika jeshi lililowatenga askari weusi, kisha akarudi nyumbani na kufungua gereji. Gereji ilileta ugali, gongo ikaleta kitoweo. Polisi walifanikiwa kumtia mbaroni mara moja tu, mwaka 1949, akapewa kifungo cha nje. Mwaka 1952 waandaaji wa mbio za Danville walitaka dereva mweusi wa kuvutia watazamaji wapya, basi wakaenda kuwauliza polisi ni nani kati ya watu weusi wa pale mjini mwenye mwendo. Polisi hawakuhitaji kufikiri. Nimesoma barua nyingi za kumpendekeza mtu kazini. Sijaona iliyo nzito kuliko hiyo.

Kabla hajafika daraja la juu la NASCAR, huko Spartanburg, South Carolina, Machi 1961, alikuwa ameshakula vumbi la viwanja vidogo karibu miaka tisa na kutwaa ubingwa wa jimbo la Virginia wa mwaka 1959 katika daraja la chini yake. Magari ya mashindano huandikwa ubavuni jina la fundi mkuu. Kwenye la Scott paliandikwa: Fundi: Mimi.

Gari la Jacksonville lilikuwa Chevrolet ya mwaka 1962, iliyokuwa ya Ned Jarrett, bingwa wa mwaka 1961. Jarrett alikuwa amehamia Ford, na alijua anachokifanya. Mapema mwaka 1963 kampuni ya General Motors iliamua kujitoa katika mashindano, na aliyebaki na Chevrolet akabaki peke yake: hakuna injini mpya kutoka kiwandani, hakuna mhandisi wa kupigiwa simu. Upande wa pili alikuwapo Richard Petty na Plymouth yake. Petty alikuwa na gereji ya familia huko Level Cross, North Carolina, baba aliyekuwa bingwa mara tatu, ndugu aliyeunda injini, na kampuni ya Chrysler nyuma yao wote. Msomaji aliyewahi kuzunguka Gerezani au Kirinyaga Road akitafuta spea ya gari ambalo kiwanda kimeshalisahau anaijua hali ya Scott bila kuelezwa zaidi.

Gari la mashindano lililokwisha kutumika huja na uchovu ambao hata aliyeliuza huenda haujui. Chuma hakichoki hadharani. Ekseli iliyopigwa na mashimo ya mizunguko elfu kadhaa huonekana nzima, hung'aa, mpaka siku inapokatika gurudumu likaenda zake. Timu yenye fedha hutatua jambo hilo kwa kutupa: sehemu ikimaliza mbio kadhaa, hufunguliwa, huwekwa kando, hufungwa mpya. Asiye na fedha hulazimika kujua. Mafundi wa zama zile wasio na mashine za kupimia walikuwa na njia zao. Chuma kinachoshukiwa kilisafishwa, kikapakwa mafuta ya taa, kikafutwa mpaka kikauka, kisha kikapakwa chaki. Palipo na ufa, hata mwembamba kuliko unywele, mafuta yaliyojificha ndani hurudi juu taratibu na kuchora mstari kwenye weupe wa chaki. Fimbo ya pistoni, au mhimili mkuu wa injini, ilining'inizwa kwa kamba ikagongwa kwa nyundo ndogo. Nzima hulia kwa muda mrefu, yenye ufa hutoa sauti fupi, butu. Ni kazi isiyotaka haraka na haina mtazamaji hata mmoja. Hufanywa usiku, baada ya magari ya wateja kuondoka.

Halafu kuna upande wa kulia. Uwanja wa aina hii huzungukwa kinyume cha saa, kona zote ni za kushoto, na kila kona uzito wa gari hukimbilia kulia. Gurudumu la mbele kulia ndilo linalobeba adhabu yote: beringi zake, ekseli fupi inayolishika, nati zake, shokapu zake. Kwa hiyo gari linaloonekana limenyooka uwanjani kwa kweli limepindishwa kwa makusudi. Springi za kulia huwa ngumu kuliko za kushoto, uzito wowote unaoweza kuhamishwa huhamishiwa kushoto, na magurudumu ya mbele huegemezwa kila moja kwa pembe yake. Ukilitoa nje na kuliendesha barabarani, litavuta kushoto muda wote likitafuta kona. Hata matairi ya mtumba, na Scott aliyatumia sana yale yaliyoachwa na timu kubwa, yalitaka kuchaguliwa kwa jicho hilo. Tairi lililoliwa bega la nje lilitoka kulia. Lina kazi moja tu iliyobaki, na fundi anayelifunga kushoto huliongezea maisha ya jioni moja.

Uamuzi mkubwa kuliko yote hufanywa kabla injini haijawashwa, nao ni wa difu. Katika uwanja wa nusu maili, yaani mita 800 hivi, dereva hana nafasi ya kubadilisha gia. Huingia gia ya juu na kubaki nayo mpaka mwisho. Basi uwiano wa meno ya difu ndio unaoamua gari litatokaje kwenye kona. Meno yakiwa ya nguvu mno, gari huruka vizuri likitoka konani lakini injini hupiga kelele kwenye ule mnyooko, na injini inayopiga kelele kwa mizunguko 200 hupasuka. Yakiwa ya mwendo mno, injini hupumua vizuri huku wenzako wakikupita kila ukitoka konani. Mwenye injini tano anaweza kucheza kamari. Mwenye moja, ambayo wiki ijayo itatakiwa tena kwenye mji mwingine, huchagua difu kama mtu anayenunua chakula cha mwezi.

Hapo ndipo mikono ya fundi na miguu ya dereva inapokutana, na kwa Scott ilikuwa ya mwili mmoja. Sidhani jambo hilo limetazamwa vya kutosha. Dereva wa timu kubwa akisikia mtetemo mpya kwenye usukani hujua tu kwamba kuna mtetemo. Aliyeifunga ile beringi kwa mkono wake Alhamisi usiku anajua ni ipi, ina umri gani na imebakiwa na mizunguko mingapi ikiwa atainusuru kwenye lile shimo la kona ya pili. Zawadi zililipwa kwa nafasi uliyomalizia, hivyo gari lililovunjika likiongoza lilikuwa na thamani ndogo kuliko gari lililomaliza la saba. Katika maisha yake Scott alianza mbio 495 za daraja la juu, akamaliza ndani ya kumi bora mara 147, kwa vyuma ambavyo wengi wa wapinzani wake wasingevipanda. Wapo waliosema alikuwa anaendesha kwa tahadhari. Alikuwa anaendesha kwa hesabu.

Vumbi lenyewe nalo ni somo. Kabla ya mbio uwanja hunyweshewa maji, na udongo uliolowa una rangi ya kahawia iliyokolea, unashika tairi. Magari yanavyozidi kupita, unakauka na kung'aa, na pale panapong'aa tairi huteleza. Vumbi linalosukumwa nje hujikusanya karibu na ukuta na kufanya tuta laini. Aliyezoea huegemeza tairi la nyuma la kulia hapo na kupata msukumo, asiyezoea hulipanda na kumaliza ukutani. Njia iliyo bora mzunguko wa 20 si ile ya mzunguko wa 120. Dereva husoma rangi ya ardhi mbele ya boneti, mwendo ukiwa zaidi ya kilomita 100 kwa saa, kupitia kioo kilichopakwa tope na magari yaliyo mbele.

Na kona haikatwi kwa usukani. Dereva huachia mafuta kidogo kabla ya kona, makalio ya gari yanafunguka kwenda nje, kisha hukanyaga mafuta tena na kuligeuza gari kwa magurudumu ya nyuma, ya mbele yakitazama kulia huku gari linakwenda kushoto. Kwa mtazamaji inaonekana kama ajali inayocheleweshwa. Kwa anayejua ni mguu mmoja wa kulia unaofanya kazi ya mikono miwili, unaongeza na kupunguza mafuta kwa kiasi cha unene wa soli. Ukizidisha, gari linazunguka. Ukipunguza, linanyooka na kukimbilia ukuta. Mara 400 katika mbio za maili 100, kona mbili kila mzunguko. Tope nalo linaziba rejeta, joto linapanda, na mashimo yanayochimbwa na magari yenyewe yanazidi kina kila baada ya dakika chache.

Ndiyo maana mbio za vumbi zilikuwa na tabia ya kula magari ya watu wenye haraka. Jacksonville, zikiwa zimebaki mizunguko 25 hivi, gari la Petty lilikuwa limeshaanza kuumwa. Scott akampita. Wapo wanaoitaja hitilafu hiyo kana kwamba inaupunguzia ushindi thamani yake, na hapo mimi natofautiana nao kabisa. Petty aliendesha juu ya mashimo yale yale. Gari lililokuwa na kiwanda nyuma yake lilichoka kabla ya lile lililofungwa na mtu mmoja Danville, na hilo ndilo shindano lenyewe. Kumpita mwenye gari zima ni kazi ya dakika moja. Kuwa na gari zima mzunguko wa 175 ni kazi ya wiki nzima.

Lipo fundisho jingine la ufundi katika siku ile, nalo halikuwa la chini ya boneti. Wakati huo hapakuwa na mitambo ya kuhesabu. Kila gari lilikuwa na mtu wake jukwaani, mara nyingi mke au ndugu wa dereva, mwenye kadi na penseli, akitazama gari moja tu. Kila likipita mstari huinua macho kwenye saa kubwa na kuandika muda. Ukigeuka kumjibu jirani, umemwibia dereva wako nusu maili. Naiheshimu sana kazi hii, kwa sababu ina njia ya kujisahihisha. Uwanja kama ule huzungukwa kwa nusu dakika hivi. Ukipitia kadi ukakuta nusu dakika, nusu dakika, kisha dakika nzima, hapo mzunguko mmoja haukuandikwa. Mtu yeyote mwenye kadi zote mezani na utulivu wa kutosha anaweza kuupata ukweli, na ndivyo ulivyopatikana baada ya zile saa mbili. Kukosea mzunguko mmoja kwenye vumbi na kelele naweza kumwelewa mtu. Lakini mizunguko miwili, tena ya gari linaloongoza, namba 34 kubwa ubavuni, na dereva pekee mweusi uwanjani?

Baadaye Scott alipewa kijikombe cha mbao kisicho na maandishi. Alifariki tarehe 23 Desemba 1990. Aliingizwa kwenye Ukumbi wa Heshima wa NASCAR mwaka 2015, na Agosti 2021 familia yake ikakabidhiwa kombe la Jacksonville, miaka 57 na miezi kadhaa baada ya mbio. Oktoba ya mwaka huo huo Bubba Wallace alishinda Talladega, akawa Mmarekani mweusi wa pili kushinda katika daraja la juu. Hollywood ilikuwa imeshatoa filamu ya maisha ya Scott mwaka 1977, Richard Pryor akiigiza kama yeye, yenye vituko na ngumi nyingi kuliko spana. Sitaki kuisema vibaya. Spana haziuzi tiketi.

Ufundi wake wenyewe uliondolewa uwanja chini ya miguu. Viwanja vya lami virefu, ambako nguvu ya injini hushinda ujanja wa mguu, vilichukua nafasi. Mbio za mwisho za vumbi za daraja la juu kwa kizazi kile zilifanyika Raleigh, North Carolina, tarehe 30 Septemba 1970, na Petty ndiye aliyezishinda. Mei 1973 Scott alijitutumua akanunua Mercury yenye nguvu za kutosha kwa uwanja wa Talladega. Mapema katika mbio zile ikatokea ajali ya rundo la magari karibu 20. Akavunjika vibaya, na kwa kweli kazi yake ya udereva ikaishia hapo, na deni la gari likiwa bado bichi.

Anayetaka kuupima ufundi wa mtu huyu, basi, ninamshauri asiishie Jacksonville. Autazame msimu wa 1966. Mwaka ule hakushinda mbio hata moja. Alikokota gari lake mwenyewe kwa lori kutoka mji hadi mji, mara nyingi wanawe Wendell Mdogo na Frank wakiwa ndio kikosi chote cha mafundi, wakipita hoteli zisizowapokea na kulala walipoweza. Alianza mbio zaidi ya 40. Pointi zilitolewa kwa kumaliza, wiki baada ya wiki, kwa gari lile lile lililofunguliwa na kufungwa upya kila lilipofika nyumbani, na mwisho wa msimu alikuwa wa sita katika nchi nzima. David Pearson ndiye aliyekuwa bingwa, na Richard Petty alikuwa wa tatu. Wote wawili walikuwa na watu wa kuwafungia nati.